Fani ya Misaada na Fitina: Maainisho Yaliyofanywa Michenzani

Wataalamu wanaochunguza misaada ya nje na vita wamegawanyika kambi mbili, na kambi hizo hazipeani mkono. Mwaka 2014 Nathan Nunn na Nancy Qian walitoa utafiti wao juu ya nchi 125, kuanzia 1971 hadi 2006, wakasema kuwa ngano ya msaada kutoka Marekani huzidisha vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuvirefusha. Mkulima wa kule akivuna sana, mwaka unaofuata magunia humiminika kwa maskini, na mwenye bunduki huyafuata magunia. Miaka mitatu baadaye Paul Christian na Christopher Barrett wakawajibu kuwa mistari miwili kupanda na kushuka pamoja si ushahidi kwamba mmoja ndio unaousukuma mwengine. Baraza letu limezipitia hoja zote mbili baina ya alasiri na magharibi, na lina lalamiko moja la kitaaluma: katika hesabu za aina hiyo Zanzibar huwa imeshatiwa ndani ya Tanzania na kuhesabiwa nchi moja. Kama itakavyoonekana huko mbele, hapo ndipo palipolala jambo lenyewe.

Michenzani, mtaa wetu wa Unguja mjini, ina sifa zote za maabara. Ina majumba marefu kama mita mia tatu kila moja, yaliyozaliwa katika ramani ya msaada. Ina mzunguko wa barabara wenye mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, ambao mtafiti anaweza kuutumia kupimia kivuli ikiwa saa yake imekwisha betri. Ina Maskani ya Kisonge ya wafuasi wa CCM, yenye ubao ulioandikwa kwa chaki maneno ambayo kwa miaka mingi yamewatia wapinzani homa na wenye ubao kicheko. Na ina wazee waliokunywa kahawa chini ya kila serikali. Chuo gani kikuu kina vifaa hivyo?

Kabla ya kuainisha, lazima pawe na kipimo. Wenzetu wa ng'ambo hupima mgogoro kwa idadi ya maiti, njia ambayo ina kasoro ya kuchelewa: mpaka maiti ahesabiwe, mgogoro umeshakuwa mtu mzima. Sisi tunatumia Kipimo cha Fitina chenye madaraja matano. La kwanza ni Mnong'ono: watu wanaacha kusema mtu akipita. La pili ni Ubao: lililonong'onwa sasa limeandikwa. La tatu ni Kususiana: huendi kwenye maziko ya jirani yako, hununui dukani kwake, na harusi ya mwanawe unaisikia kwa ngoma tu. La nne ni Hoja: jambo limefika Bungeni, limevaa suti. La tano linaitwa Shimoni, na sababu ya jina hilo itakuja mahali pake.

Aina ya kwanza ni Msaada wa Saruji. Huu ni msaada unaoonekana, usioliwa, wala hauwezi kufichwa benki ya Uswisi. Serikali iliyoingia kwa Mapinduzi ya Januari 1964 haikukawia kuitambua Ujerumani Mashariki, dola iliyokuwa ikibisha hodi kila nyumba nje ya kambi yake na kujibiwa kuwa mwenyewe hayupo. Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kuifungulia. Shukrani zikaja kwa matofali: majumba ya Kikwajuni na Kilimani, ambayo bado yanakaliwa na watu na kuanikwa nguo.

Ila tarehe 26 Aprili mwaka ule ule ikaja na Muungano, na Tanganyika ilikuwa na Wajerumani wake, wale wa Magharibi. Hao walikuwa na kanuni iliyoitwa ya Hallstein, ambayo kwa lugha ya mtaani ni hii: ukimkaribisha ndugu yangu yule, usinihesabu katika wageni wako. Basi nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa sampuli mbili. Wa Unguja wanachanganya saruji, wa Dar es Salaam wanafundisha marubani, na kila mmoja anamtazama Rais Nyerere kuona atamsalimia nani kwanza. Mwalimu alitafuta njia ya katikati kwa miezi mingi. Mzee Karume, rais wa Zanzibar, hakuwa na haja ya njia ya katikati. Yeye alikuwa na haja ya nyumba. Februari 1965 ikaamuliwa kuwa ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar ushuke uwe ofisi ya konseli mkuu huko Dar es Salaam. Serikali ya Magharibi huko Bonn haikuridhika hata na hilo, ikawaondoa wakufunzi wake wa anga, na Nyerere kwa hasira ya mtu aliyevunjiwa heshima akawaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao iliyobaki. Ni mara chache katika fani hii kuona majumba ya Kikwajuni yakiangusha ndege za Dar es Salaam.

Tukio hili linapewa daraja la nne kwa upande wa bara na daraja la kwanza kwa upande wetu, kwa sababu Unguja ujenzi uliendelea. Mwaka 1968 mtaalamu wa Ujerumani Mashariki, Hubert Scholz, akatoa ramani ya mji mpya, na katika ramani hiyo nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo zilikuwa zimeshaondoka kabla wenyewe hawajaambiwa. Ndipo yakaanza majumba ya Michenzani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wajerumani wakapunguza mkono, lakini ramani ilibaki na Karume pia alibaki, mpaka alipouawa pale Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Kazi ikasukumwa kwa nguvu za wananchi, nguvu ambazo ziliitwa za kujitolea na ambazo mtu alijua vizuri nini kingemfika asipojitolea. Msaada ukimaliza safari yake, anayeumalizia huwa ni yule aliyesaidiwa. Mpaka leo anayekaa ghorofa ya juu maji yakikatika anaupandisha mchango wake wa ujenzi wa taifa ndoo kwa ndoo.

Kwenye majumba haya ndipo baraza lilipopata nadharia yake. Watu wa Michenzani hawakuwahi kugombana juu ya saruji yenyewe. Walinong'onezana juu ya mlango: nani amebomolewa na kapewa, nani hakubomolewa na kapewa, nani kapewa ghorofa ya chini ilhali magoti yake mazima. Tunaiita Nadharia ya Mlango. Inasema kwamba msaada hauleti ugomvi kwa wingi wake wala kwa uchache wake, bali kwa kufanya mlango unapopitia uwe na thamani kuliko nyumba nzima. Zanzibar ina milango miwili. Mmoja uko baina ya Unguja na Dar es Salaam, maana mambo ya nje ni ya Muungano na msaada wa kibajeti unaingia kule kwanza, kisha Zanzibar hupewa asilimia 4.5 yake, nambari ambayo kila mtoto wa skuli hapa anaijua kabla hajajua kugawanya. Mwengine uko baina ya chama kilichoshinda na kilichoambiwa kimeshindwa.

Hatukatai kwamba pengine gunia lenyewe hupiganisha. Mwaka 1994, katika kambi za Goma, waliofanya mauaji ya Rwanda waligeuka kuwa ndio wanaosimamia ugawaji wa chakula cha wakimbizi, hadi Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa wakafungasha vitu vyao wakaondoka. Lakini hata pale, tazama vizuri: aliyekuwa na nguvu ni yule aliyesimama penye foleni na orodha mkononi.

Aina ya pili ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa inaleta fitina kabla ya kuwepo. Huu ni Msaada wa Kutarajiwa. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, chini ya Rais Salmin Amour. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya uchumi: karafuu imeanguka bei, ndugu wa Ghuba wana mafuta, na mtu hakatazwi kumwamkia tajiri. Pale mtaani matumaini yalikwenda mbio kuliko bajeti. Kwa upande wa pili wa bahari watu waliona mengine kabisa: sehemu ya nchi imejiunga na jumuiya ya kimataifa kama kwamba ni nchi, tena jumuiya ya dini, wakati katiba haina dini wala haina Zanzibar yenye mambo yake ya nje. Kamati ya Bunge ikasema jambo lile limevunja katiba. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa.

Fedha ilikuwa bado haijaonekana, lakini tazama ilivyokwisha kufanya kazi. Wabunge 55, wale walioitwa G55, walisimama Bungeni mwezi ule ule na hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika: ikiwa Zanzibar ina lake, na sisi tuwe na letu. Nyerere alitoka mapumzikoni akaandika kitabu kizima, na haukupita muda mrefu Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba walikuwa wameshapoteza viti vyao. Muungano ulifika ukingoni kwa ajili ya msaada ambao haukuwahi hata kupakiwa melini. Katika rekodi zetu hakuna msaada wenye tija kubwa kama huo kwa gharama ndogo kama hiyo.

Aina ya tatu imefutwa. Ilihusu warsha na semina, na mjumbe mmoja wa baraza ambaye shemeji yake yuko kwenye mradi aliomba tusiiguse mpaka posho ya robo hii itoke.

Aina ya nne, Msaada wa Kitabu, tutaipita haraka kwa kuwa wenyewe wengi wameshakufa na watoto wao hawakubaliani. Katika miaka ya siasa, baina ya 1957 na 1963, Cairo, Beijing, Moscow na Berlin Mashariki walikuwa wakitoa nafasi za masomo, na nafasi hizo zilipitia mikononi mwa vyama na jumuiya za wafanyakazi. Chama cha Hizbu kilikuwa na vijana wake Misri. Babu, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, alikuwa na njia yake ya China. Wa chama cha ASP nao walitafuta pao. Kijana aliondoka Malindi akiwa mwana wa fulani akarudi akiwa na itikadi. Visiwa vyenye watu laki tatu vikawa na wawakilishi wa pande zote za vita baridi, kila mmoja ana cheti. Juni 1961, siku ya uchaguzi na zilizofuata, watu 68 waliuawa. Hatusemi vyeti ndivyo vilivyoua. Tunasema kuwa kila upande uliokuwa na rafiki mbali uliona haja ndogo ya kuelewana na jirani wa karibu.

Hapa msomaji makini atauliza juu ya kundi linganishi: je, palipokuwa hapana haja ya msaada, palikuwa na amani? Swali zuri, na jibu lake halitupendezi. Mwishoni mwa utawala wa Karume bei ya karafuu ilikuwa juu na hazina ya fedha za kigeni imejaa. Mzee alikataa kuagiza chakula cha nje kwa kadiri watu walivyozoea, mchele ukawa wa mgao na foleni ikawa skuli ya pili. Uchaguzi haukuwepo. Waliotoweka walitoweka. Baadaye kidogo tukapata televisheni ya rangi wakati bara haina hata ya nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo dola isiyohitaji mfadhili si lazima iwe na huruma; pengine inakuwa haina wa kumuogopa. Baraza limeandika jambo hili kwa wino hafifu, kwa sababu linaharibu nusu ya hoja zetu.

Na sasa aina ya tano, Msaada Uliozuiwa, ambayo ndiyo iliyotufanya tuanze utafiti huu.

Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitangazwa Salmin Amour ameshinda na Maalim Seif Sharif Hamad ameshindwa, tofauti ikiwa chini ya asilimia moja, huku chama chake cha CUF kikichukua viti vyote vya Pemba. Watazamaji wa nje walipitia mahesabu na wakapata mashaka. Nchi nyingi wahisani zikaisimamishia Zanzibar misaada. Dhana ilikuwa nyepesi na safi: serikali ikikosa fedha itakuja mezani. Tuipime dhana hiyo kwa kipimo chetu.

Mnong'ono ulikuwepo tangu zamani. Ubao ukapata kazi ya kila siku: upande mmoja unawaita wenzao vibaraka wanaokwenda kuisemea nchi Ulaya ikatiwe msaada, upande wa pili unasema dawa hazipo hospitali kwa sababu kura zimeibwa. Kuzuiwa kwa msaada, ambako kulikusudiwa kuwa adhabu, kukawa mtaji wa kampeni kwa wote wawili. Kususiana kukaenea Pemba hadi watu wakagawana misikiti na mabenchi ya mazishi. Wanachama 18 wa CUF waliwekwa ndani kwa kesi ya uhaini kuanzia 1997 na wakakaa humo hadi Novemba 2000. Muafaka wa kwanza baina ya CCM na CUF, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, ulitiwa saini Juni 1999, ukapigiwa makofi, na ukabaki kwenye karatasi. Serikali haikuanguka. Viongozi hawakukosa gari wala safari. Aliyekosa ni mjamzito wa Micheweni na mwanafunzi aliyekaa chini.

Kisha uchaguzi wa Oktoba 2000 ukavurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, CUF ikasusia. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wake waliandamana, na polisi wakapiga risasi, Unguja na zaidi Pemba. Tume iliyoongozwa na Brigedia Hashim Mbita ilihesabu waliokufa kuwa 31. Human Rights Watch ilisema si chini ya 35. Zaidi ya watu 2,000 walipanda mashua na majahazi wakavuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, na kwa mara ya kwanza Tanzania, iliyokuwa kwa miaka arubaini ikipokea wakimbizi wa kila jirani, ikatoa wa kwake. Hapo ndipo lilipotoka jina la daraja la tano, na hapo baraza liliweka chini vikombe.

Tulipovishika tena, mzee mmoja ambaye kawaida husinzia akauliza swali ambalo sijaliona katika utafiti wowote wa wale wakubwa. Polisi ni jambo la nani? Ni la Muungano. Na Muungano wakati ule ulikuwa ukikatiwa misaada? Hapana. Serikali ya Muungano ya Rais Mkapa ilikuwa kipenzi cha wahisani, inabinafsisha, inakusanya kodi, na mwaka ule ule wa 2001 ikafikia hatua ya kufutiwa sehemu kubwa ya madeni. Kwa hiyo kituo cha afya cha Zanzibar kiliadhibiwa kwa uchaguzi wa Zanzibar, na mkubwa wa askari aliyefyatua akaendelea kusifiwa kwa uchumi wake. Ukihesabu Tanzania kuwa nchi moja, kama wanavyofanya wenye grafu, msaada wa miaka hiyo unapanda vizuri tu na huoni kitu. Mpemba aliyenyimwa dawa ya mfadhili kijijini kwake aliipata alipokuwa mkimbizi chini ya turubali la Umoja wa Mataifa.

Muafaka wa pili ulitiwa saini Oktoba 2001, na wahisani wakarudi taratibu wakiwa na miradi ya kuimarisha demokrasia. Ule wa kweli uliodumu kidogo haukuwa na nembo ya mtu. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume, mwana wa Mzee Karume, na Maalim Seif walikutana Ikulu, wawili hao wenyewe, na mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai, thuluthi mbili ya wapiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Baina ya tarehe hizo mbili Unguja ilikuwa gizani: waya wa umeme kutoka bara ulikatika Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi. Tunaandika kwamba watu walisameheana zaidi wakati hawaonani. Mhariri wetu alitaka kulifuta hilo kwa kuwa halina ushahidi, amezidiwa kura.

Waya huo unatuleta kwenye aina ya sita na ya mwisho kwa sasa, Msaada Wenye Mita. Waya wa kwanza, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ulilazwa 1980 kwa fedha za Norwei. Baada ya giza, Wamarekani kupitia shirika la Changamoto za Milenia, MCC, wakalaza wa pili wenye uwezo wa megawati 100, ukazinduliwa 2013. Ulikuwa sehemu ya mkataba wa dola milioni 698, na baraza halina la kusema isipokuwa ahsante. Feni zikazunguka.

Oktoba 2015 Jecha Salim Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, akafuta uchaguzi mzima wa Zanzibar. Machi 20, 2016 ukarudiwa bila CUF. Machi 28 MCC ikasimamisha mkataba wa pili, dola milioni 472, ikitaja uchaguzi huo pamoja na sheria ya makosa ya mtandao. Safari hii mlango uligeuzwa: fedha nyingi zilizokatwa zilikuwa za umeme wa bara. Mkulima wa Singida ambaye hajawahi kumuona Jecha kwa macho akalipa faini yake. Matokeo ya uchaguzi hayakubadilika hata kwa kura moja, na kwenye Kipimo cha Fitina tukapata namba ngeni: kususiana kulirudi Pemba, na mnong'ono mpya ukaanza bara, kwamba hawa Wazanzibari wanatugharimu.

Mwaka mmoja baadaye mnong'ono huo ukapewa bili. Machi 2017 Rais Magufuli aliiambia TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, na akaitaja Zanzibar, ambayo shirika lake la umeme, ZECO, lilikuwa likidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 100. Zanzibar ikajibu kwamba bei inayouziwa si ya haki na kwamba watu wake walishawahi kuishi na vibatari. Wamarekani waliolaza waya kwa nia njema hawakuwemo katika ugomvi huo, wala Wanorwei. Waya ulibaki chini ya bahari ukipitisha umeme, na juu yake ukapita mjadala wa nani anamlisha nani. Tumeupa daraja la pili na nusu. Deni lilianza kulipwa kidogo kidogo, feni hazikusimama, na Kisonge walikuwa na la kuandika kwa wiki nzima.